Jicho Kabla ya Mkono

Katika vijiji vya kata ya Mkumbi, wilayani Mbinga, pikipiki haifundishwi darasani. Inafundishwa njiani, msimu wa kuchuma kahawa, mzigo unapozidi migongo ya kuubeba. Kaka mtu anamwonesha mdogo wake klachi iko wapi, gia zinapandaje, breki ya mkono na ya mguu zinakamatwa wakati gani. Kijana anazunguka uwanja wa mpira, anaanguka, anainuka, anazunguka tena. Siku chache baadaye yuko kwenye mteremko na gunia nyuma yake. Kaka ameridhika, mzazi ameridhika, na kijana mwenyewe ndiye aliyeridhika kuliko wote, kwa sababu wanaamini kwamba kuendesha ni klachi, gia na breki.

Sura hii inahusu lile ambalo kijana huyo hakufundishwa, na kifaa ambacho naamini kinaweza kusaidia kulifundisha: miwani ya uhalisia pepe. Ni kasha linalofunika macho yote mawili. Ndani yake mna kioo kama cha simu, lenzi mbili, na vihisi vinavyopima kichwa kimeelekea wapi. Ukigeuka kushoto, unaona kilichoko kushoto. Ukitazama nyuma, unaona kilichoko nyuma, na baada ya muda mfupi mwili unasahau kwamba umekaa kwenye dawati. Mmarekani Ivan Sutherland alitengeneza kifaa cha namna hiyo mwaka 1968, kizito kiasi cha kulazimika kuning'inizwa kutoka darini. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilionesha kwamba boksi la kadibodi, lenzi mbili na simu ya mfukoni vinatosha kwa kuanzia. Tangu hapo kampuni za magari, hospitali na vyuo vikuu vya Marekani vimekuwa vikiwavalisha vijana miwani hiyo ili waonje ajali bila kuumia.

Sababu ya kuhangaika hivyo inajulikana. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, nazo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Afrika ina takriban asilimia 3 tu ya magari ya dunia, lakini inabeba karibu moja ya tano ya vifo hivyo. Wanaokufa huku si wenye magari peke yao. Ni mtembea kwa miguu, mpanda baiskeli, dereva wa bodaboda na abiria wake.

Nianze na jicho. Mwaka 1972 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Ronald Mourant na Thomas Rockwell, walipima macho ya madereva wapya na ya wazoefu yanatua wapi gari likiwa mwendoni. Wapya walitazama karibu, mbele kidogo tu ya gari, katika eneo dogo, na vioo vya pembeni waliviangalia kwa nadra. Wazoefu walitazama mbali na kwa upana. Tofauti ilikuwa kwenye macho, na dereva mgeni hawezi kuigundua kwa sababu hajui kwamba kuna kitu hakioni.

Donald Fisher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Amherst, walilipeleka suala hilo hatua moja mbele. Walitengeneza programu ya kompyuta yenye picha za barabara, na mwanafunzi alitakiwa kuonesha ni wapi hatari inaweza kuwa imejificha. Mfano wao maarufu ni lori lililosimama kabla ya kivuko cha waenda kwa miguu. Mtoto haonekani. Dereva mgeni anaona lori limesimama, anapita. Dereva aliyefundishwa anajiuliza: mbele ya lori hili kuna nani? Anapunguza mwendo na kuchungulia. Programu hiyo ilijaribiwa California kwa vijana zaidi ya 5,000 wa miaka 16 hadi 18 waliokuwa wametoka tu kupata leseni, na matokeo yakatolewa mwaka 2016. Katika mwaka wa kwanza wavulana waliofundishwa walipata ajali pungufu kwa karibu robo kuliko wenzao. Kwa wasichana tofauti haikuonekana. Mwaka 2018 watafiti wa Amherst walitoa matokeo ya toleo la miwani: badala ya kubonyeza picha bapa, kijana aligeuza kichwa chake mwenyewe na kutafuta hatari. Walipopimwa baadaye, waliovaa miwani waligundua hatari zilizojificha mara nyingi zaidi kuliko waliotumia kompyuta ya kawaida.

Hayo ni matokeo ya kutia moyo, lakini yana sharti. Kilichofundishwa pale ni kutazama. Hawakufundishwa kukwepa, wala kupiga kona kwa ustadi, wala kuokoa chombo kikiteleza. Norwe iliwahi kujaribu njia hiyo nyingine: ikawapa madereva wapya mafunzo ya lazima ya kuendesha kwenye utelezi. Tathmini ya Alf Glad ya mwaka 1988 ilikuta kwamba vijana wa kiume waliopitia mafunzo hayo walipata ajali za utelezi zaidi, si pungufu. Maelezo yanayotolewa ni kwamba walitoka uwanjani wakiamini wameuweza utelezi, wakauendea kwa kasi. Kwa hiyo mtu akija na mchezo wa miwani ambamo mwanafunzi wa Mkumbi anakimbiza pikipiki kwenye tope, anaanguka na kuinuka bila jeraha, kisha anapewa alama, mimi nitaupinga. Huo utazidisha kile ambacho kijana anacho tayari kwa wingi, yaani imani katika mkono wake.

Na picha zilizotengenezwa Massachusetts au Michigan hazitamfaa kijana wa Mbinga hata zikitafsiriwa vizuri. Hatari zake zina sura nyingine.

Uwanda wa juu wa Umatengo ni nchi ya miinuko mikali. Wamatengo wamelima miteremko hiyo kwa ngoro kwa vizazi vingi, wakichimba vishimo vinavyotunza maji na udongo, na juu yake wakaongeza kahawa. Barabara za vijijini zinapita humo humo, zikizunguka vilima, nyingi za udongo na changarawe. Kona imefunikwa na migomba upande mmoja na ukingo wa mlima upande wa pili. Mwezi wa Februari udongo mwekundu umelowa na unateleza. Mwezi wa Agosti vumbi la lori la Fuso lililopita linaning'inia barabarani kwa muda mrefu, na pikipiki inayofuata inaingia ndani ya vumbi hilo bila kujua mbele kuna nini. Mahindi yakikomaa yanaziba macho hadi ukingoni mwa njia, kisha yakivunwa kona ile ile inakuwa wazi, na kijana aliyeizoea mwezi wa Julai anadhani anaijua mwezi wa Machi.

Kuna pia lugha ya barabara isiyoandikwa kwenye kitabu cha alama. Matawi mabichi yaliyotandazwa njiani yanasema mbele kuna gari limeharibika. Watoto watatu upande mmoja wa barabara na mbuzi upande wa pili ni onyo kwamba mmoja wa watoto hao atakimbia kumfuata. Noah iliyosimama kuteremsha abiria, mlango ukiwa umefunguliwa upande wa kushoto, ina mama mwenye mzigo kichwani ambaye atazunguka nyuma yake avuke. Hili la Noah ndilo lori la Amherst, limevaa nguo za Mbinga. Kijana akifundishwa kwa picha ya Noah ile anayoipanda kwenda mnadani, somo linamkaa.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni kupiga picha za duara, zile zinazonasa pande zote kwa pamoja, katika barabara ambazo wanafunzi wenyewe wanapita. Hapa lipo jambo la kiufundi linaloamua mengi. Video iliyopigwa kutoka kwenye chombo kinachokimbia kwenye kona nyingi humtia kichefuchefu mtazamaji, kwa sababu macho yanasema tunakwenda na sikio la ndani, linalopima mizani ya mwili, linasema tumekaa. Wengine hutapika. Dawa yake ni rahisi: kamera isimame. Iwekwe kando ya kona yenye migomba, iwekwe nyuma ya Noah iliyoegeshwa, iwekwe kwenye kiti cha dereva wa lori lililozimwa. Kwa kufundisha jicho, hatuhitaji mwendo mwingi. Tunahitaji mwanafunzi ageuze kichwa, atafute, aseme alichokiona, halafu mwenzake avae na aone alichokosa. Dakika chache kwa kila mmoja zinatosha.

Kiti cha dereva wa lori nakithamini kuliko vyote. Mpanda pikipiki anaamini kwamba akiliona lori, lori nalo limemwona. Mkalishe juu pale, usukani kulia, umwambie atafute pikipiki iliyosimama karibu na tairi la mbele la kushoto. Hataiona. Atageuka, atainama, atatazama kioo, na bado hataiona. Karibu na bampa ya mbele nako mtu mzima anaweza kutoweka. Yule aliyezoea kuchomekea kushoto kwa lori linalopunguza mwendo ataelewa jambo ambalo trafiki angemweleza mara kumi bila kumwingia. Na malori ni sehemu ya maisha ya mkoa huu: yale yanayobeba makaa ya mawe kutoka Ngaka yanapita barabara ya Songea, mengine yakienda hadi bandari ya Mtwara. Hakuna njia ya kumpandisha kila mwanafunzi kwenye lori la makaa. Kwa miwani inawezekana, shule nzima, kwa picha moja iliyopigwa siku moja.

Vifaa vichache vitatosha ikiwa mwalimu anajua la kufanya navyo. Darasa la kidato cha tatu lenye wanafunzi wengi halitapata miwani kila mtu, wala halihitaji. Mmoja avae, picha ileile ioneshwe ukutani kwa projekta, na darasa zima limwulize. Video zihifadhiwe ndani ya kifaa ili intaneti isipokuwepo somo liendelee. Simu nyingi za bei nafuu hazina kihisi cha kupima mgeuko wa kichwa, hivyo kutegemea simu za wanafunzi ni kujidanganya. Afadhali miwani mitatu au minne iliyokamilika, inayozunguka kutoka shule hadi shule, ifutwe kila inapobadilisha uso. Wasimamizi na nafasi ya kuanzia vipo: kitengo cha polisi cha usalama barabarani kila wilaya, na Wiki ya Nenda kwa Usalama inayoadhimishwa nchini, ambayo wanafunzi wengi huijua kwa maandamano na hotuba.

Miwani haina uzito, na hilo nalo lisemwe. Haiwezi kumfundisha kijana jinsi gunia linavyosukuma mgongo kwenye mteremko, wala breki inavyochoka ikikamatwa mfululizo hadi ikapata moto. Ziwa Nyasa liko mita zipatazo 475 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Mbinga uko juu ya mita 1,000, kwa hiyo anayekwenda Mbamba Bay, ufukweni mwa ziwa hilo, anateremka mamia ya mita. Kwa miaka mingi safari hiyo ilikuwa ya vumbi na tope, na ubovu wa njia ulimlazimisha kila mtu kwenda polepole. Sasa kilometa 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay ni lami, kazi iliyogharimiwa kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kabla yake kilometa 78 za Peramiho hadi Mbinga ziliwekwa lami kwa fedha za Marekani. Wagonjwa wanafika hospitalini, samaki na kahawa vinafika sokoni, na hakuna mtu wa Nyasa anayetamani tope lirudi. Lakini lami imeondoa kilichokuwa kikipunguza mwendo, na kilichobaki ni uamuzi wa dereva. Kwa kilometa 50 kwa saa chombo kinakwenda mita 14 kila sekunde. Kwa 80 kinakwenda mita 22. Dereva aliyechelewa kuona kwa sekunde moja amekwisha kuzipita hizo kabla kidole hakijagusa breki. Na mteremko haumsubiri. Tarehe 6 Mei 2017 basi lililobeba wanafunzi wa shule ya msingi Lucky Vincent ya Arusha liliacha barabara kwenye mteremko wilayani Karatu, siku ya mvua, likaingia korongoni. Walikufa watoto 32, walimu 2 na dereva. Gia nzito kabla mteremko haujaanza, hilo linafundishwa na mtu aliyekaa nyuma yako barabarani, taratibu, mkono kwa mkono. Naomba lisikabidhiwe kwa mashine.

Lipo jambo ambalo miwani inalifaa kuliko hata kona na malori, nalo ni watu waliomzunguka dereva. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kwa mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Walicheza wa miaka 13 hadi 16, vijana wakubwa kidogo na watu wazima, wengine wakiwa peke yao, wengine wakitazamwa na marafiki. Watu wazima waliendesha vilevile, wawe wametazamwa au la. Wadogo walijihatarisha zaidi sana marafiki walipokuwepo. Mtu yeyote aliyekaa kwenye kijiwe cha bodaboda, zile ambazo Songea wengi huziita yeboyebo, atatambua ukweli huo bila kusoma jarida. Kijana akiwa peke yake na gunia anateremka kwa adabu. Mpakize mishikaki, wenzake wawili nyuma, mmoja akipiga kelele za kumshangilia, na kona ile ile inakuwa jukwaa.

Ndiyo maana nadhani kosa kubwa la mafunzo ya kigeni ni kumweka kila kijana kwenye kiti cha dereva. Kijana wa Mkumbi, na hasa msichana, hukaa nyuma mara nyingi zaidi kuliko mbele. Anakwenda shule, anakwenda zahanati, anakwenda gulioni akiwa abiria. Pengine matokeo ya California yasiyoonesha faida kwa wasichana yatusukume kuuliza swali jingine: wanahitaji somo gani hapa kwetu? Helmeti ni sehemu ya jibu. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali unaonesha kwamba kofia hiyo hupunguza uwezekano wa mpanda pikipiki kufa ajalini kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69, na bado abiria wengi wa nyuma hawapewi. Sehemu nyingine ya jibu ni sauti ya abiria mwenyewe.

Kenya walikwisha kulijaribu hili bila miwani yoyote. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika vibandiko ndani ya matatu, yaani mabasi madogo ya abiria, vikiwahimiza abiria kumkemea dereva anayeendesha ovyo. Magari yaliyobandikwa yalichaguliwa kwa bahati nasibu, kisha madai ya bima yakalinganishwa. Matokeo ya awamu ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionesha kwamba madai hayo yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Awamu kubwa iliyofuata, chini ya jina la Zusha, ilipata upungufu wa robo hadi theluthi moja. Kwa gharama ya karatasi na gundi, hiyo ni faida ambayo teknolojia nyingi za bei kubwa hazijaifikia.

Lakini abiria wa matatu wako wengi, na mmoja akianza wengine humwunga mkono. Msichana wa miaka 15 nyuma ya pikipiki yuko peke yake, na dereva pengine ni jirani, shemeji au kaka wa rafiki yake. Kumwambia "punguza mwendo, kaka" kunahitaji ujasiri ambao haujengwi kwa kibandiko. Hapo ndipo ningetumia miwani kwa moyo wote. Kamera iwekwe mahali pa kichwa cha abiria, pikipiki ikiwa imesimama juu ya mteremko, dereva akiwa amegeuka nusu, mwenzake wa tatu akisogea ili apande. Mwanafunzi avae, amwone dereva usoni, na aseme kwa sauti, mbele ya darasa: "Hatupandi watatu." Au: "Nipe helmeti kwanza." Au: "Nishushe hapa, nitatembea." Wa kwanza atacheka na kusema kwa sauti ndogo. Mwalimu amrudishie tena, na darasa limpe maneno mazuri zaidi, yenye heshima lakini yasiyoyumba, kwa Kiswahili, kwa Kimatengo kule juu, kwa Kinyasa kule ufukweni. Wavulana nao wavae na wayasikie maneno hayo wakiwa wamekaa mbele, wajibu, na jibu lao lijadiliwe na darasa zima kabla kengele haijagonga.